Bamba Lililotafunwa na Panya

Katika watu wote waliokula chumvi ya wifi yangu, aliyesimama kumtetea siku ya siku alikuwa panya. Sisi wengine tulikuwa tumeshamuuza. Nalisema hili mapema kwa sababu nina hasira nalo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wifi yangu ni mkereza vyuma. Ukimpelekea shafti iliyolika, anaifunga kwenye mashine, inazunguka, naye anaikwangua taratibu mpaka inatoka imenyooka na saizi ileile uliyoitaka. Mtaani wanamwita Mama Milimita, na jina hilo hakulipata bure. Alianza kwa kufagia vumbi la chuma katika kiwanda kimoja, huku akiiba kazi kwa macho. Kiwanda kilipofungwa akanunua mashine moja iliyokuwa imeota kutu, akaileta kwenye banda la mumewe. Miaka ya mwanzo wateja walikuwa wanaingia, wanamwona amesimama pale na vipande vya chuma vimemnasa nyweleni, halafu wanamwuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Anawajibu, "Ametoka kidogo, niachie hicho chuma." Jioni wanakuta kazi tayari, wanamsifu huyo fundi aliyetoka. Ilichukua miaka kumi na moja kabla mtu hajasimama mlangoni na kumwulizia yeye.

Mumewe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ni makanika, na wateja wanamwita Dokta kwa sababu akiletewa gari hulaza sikio kwenye boneti, hufumba macho, kisha hutaja ugonjwa. Mara nyingi hupatia. Mdomo wake umepakwa asali tangu utotoni. Nilimbeba mgongoni mimi, na hata wakati ule alikuwa anajua kunibembeleza nimbebe kwa njia ndefu.

Mimi mwenyewe niliingia hapo ndoa yangu ilipovunjika. Nilirudi na masanduku mawili, na ndugu zangu wa damu wakagundua ghafla kwamba nyumba zao zimejaa. Aliyenipokea ni wifi. Alinipa chumba cha nyuma, na siku ya tatu akanivika shingoni ufunguo wa banda, umefungwa kwa kamba ya kiatu. "Wifi, wewe ndiye utakayefungua asubuhi na kufunga jioni," aliniambia. "Mimi na huyu mume wangu tungepoteza hata vichwa kama visingefungwa shingoni." Ukawa ufunguo mmoja, na mwenye nao ni mimi. Nikawa nafagia, nachemsha chai, naandika majina ya wateja kwenye daftari, nashika taa panapohitajika mkono wa tatu.

Banda lilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto palikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, spana na mafuta ya mume. Upande wa kulia palikuwa na mashine ya mke, na nyuma yake ukuta wa violezo. Ukuta huo ndio uliokuwa mali yake. Kila alipotengeneza kitu kigeni, kwanza alikichora kwenye boksi, boksi la viatu, la sabuni, lolote lililopatikana, akalikata kwa mkasi, akatoboa matundu, na kazi ikiisha akalitundika kwenye msumari. Vilikuwa zaidi ya sitini. Sheria ilikuwa moja: kiolezo hakitoki bandani. Mdogo wangu alizoea kuwatania wateja, "Mimi mumewe wa ndoa nikitaka kukitazama, naandika barua ya maombi."

Sasa ndipo akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu aliyefundisha jiografia nusu ya mji, na pikapu yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote mle ndani. Rangi yake ilikuwa kijani, ingawa ilibidi uambiwe. Injini yake ya silinda sita ilikuwa imekauka maji njiani, bloku, ule mwili wake wa chuma, likapasuka. Miaka miwili alitafuta nyingine ya aina ileile, hakuipata hata kwenye chuma chakavu. Mwisho akatokea na injini ya gari tofauti kabisa, la kampuni nyingine, imelazwa kwenye mkokoteni na kufunikwa shuka.

"Hii nayo ni ya silinda sita," alisema. "Sita kwa sita zitaelewana."

"Mwalimu," Dokta akamjibu, "hata mimi na wewe tuna vidole vitano vitano, lakini kiatu chako hakinitoshi."

"Ndiyo maana nimekuja kwa daktari, sikwenda kwa muuza viatu."

Na sharti lake lilikuwa moja. Injini ibadilishwe, ila giaboksi ya zamani ibaki, na kirungu chake cha kubadilishia gia kibaki palepale kwenye usukani. Mkono wake ulikuwa umekizoea kwa miaka arobaini, na alisema hana umri wa kujifunza pengine.

Ilichukua wiki saba. Injini ngeni ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa vidole vinne, kwa hiyo rejeta ikasogezwa mbele mpaka ikakaribia kubusu taa. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa na tumbo lake mbele, palepale ekseli inapopita. Ikakatwa, tumbo likahamishiwa nyuma, ikachomelewa, ikajazwa maji kutazama kama inavuja. Ikavuja. Ikachomelewa tena. Miguu ya kukalia injini ikatengenezwa upya. Kazi hizo zote zilikuwa za mdogo wangu, na sitamnyima haki yake: alizifanya vizuri, huku akiimba na kulalamika kwa zamu.

Lakini injini ya huku na giaboksi ya kule hazikuwa na tundu hata moja lililokutana. Ilibidi litengenezwe bamba la chuma, nene kama kidole gumba, la kukaa katikati yake, upande mmoja lishike injini, upande wa pili lishike giaboksi. Hiyo ilikuwa kazi ya Mama Milimita. Alichora kiolezo kwenye boksi la biskuti, akakata bamba, akakereza tundu kubwa la katikati. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo inaanza.

Alifunga bamba kwenye injini, akabandika kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kipimo chake chenye mshale kama saa, kisha akaniambia niizungushe injini kwa mkono, polepole. Mshale ukitikisika, maana yake bamba halijakaa katikati. Analigonga kwa nyundo ya mbao, kagongo kadogo tu, ananiambia zungusha tena. Siku mbili nzima tulikuwa kwenye mchezo huo, mabega yakaniwaka moto. Mdogo wangu akachoka kungoja.

"Mke wangu, hili ni gari, si saa ya mkononi."

"Giaboksi haijui hayo," alijibu bila kuinua kichwa. "Inachojua ni katikati na si katikati."

Mshale ulipotulia mzunguko mzima, hapo ndipo akatoboa na kupachika pini mbili za kulishikilia bamba pale pale milele. Akanieleza, maana mimi nilikuwa mwulizaji, kwamba kila injini inatofautiana na nyingine kwa unywele, hata zikitoka kiwanda kimoja. "Kiolezo ni picha ya mgonjwa, wifi. Dawa huipimi kwenye picha."

Siku Mwalimu alipoiwasha, mtaa mzima ulikuja. Injini ilinguruma kwa sauti ambayo pikapu ile haikuwahi kuwa nayo, akavuta kile kirungu chake, gia ikaingia bila kelele. Akazunguka mara tatu na kurudi akijifuta macho, akisema ni vumbi. Watu wakampigia Dokta makofi. Naye, na hili nalikumbuka neno kwa neno, akamshika mkewe bega na kusema mbele ya wote, "Bamba ni la mke wangu. Mimi nilishika spana tu." Wifi yangu akatazama chini, akawa anafuta mikono iliyokuwa tayari safi. Nilifurahi sana siku ile.

Mwezi uliofuata mvua zikatuletea panya. Aliingia ukutani, na katika violezo sitini na kitu akachagua cha Mwalimu, nadhani kwa sababu ya harufu ya biskuti. Alitafuna pembe ya chini, akaacha pengo la nusu duara lenye meno meno. Wifi alikitazama, akamtukana panya matusi ya kiwandani, akaandika kitu nyuma ya boksi kwa penseli, akakirudisha msumarini. Sikuuliza ameandika nini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini wanaokuja kutazama hawaulizi nani ameunda, wanauliza nahodha ni nani. Wenye mapikapu ya zamani wana umoja wao, wanakutana Jumapili kutunishiana vifua. Walipoisikia pikapu ya Mwalimu wakataka na wao. Walimfuata Dokta. Na nyuma yao akaja bwana mmoja mwenye gereji kubwa ya barabarani, ile yenye sakafu ya vigae na viti vya wateja kukalia, tuliyezoea kumwita Bosi. Akamwajiri mdogo wangu awe fundi mkuu. Wifi alifurahi kwa moyo mweupe. Alimfulia ovaroli mwenyewe, akamshonea nembo iliyokuwa inang'oka mfukoni.

Wiki ya pili tangu aajiriwe, mdogo wangu alipita bandani mchana, mkewe amekwenda kununua chuma.

"Dada, nishushie kile kiolezo cha Mwalimu. Keshokutwa nakirudisha."

"Mwenyewe amekubali?"

"Kwani mimi na yeye si kitu kimoja?"

"Basi chukua mwenyewe, msumari huo hapo."

"Mimi nikionekana upande ule atauliza. Wewe unafagia pale kila siku. Dada yangu bwana, leo nimekuwa mgeni kwako?"

Mtu aliyeruhusiwa hujibu ndiyo. Hilo nilijua. Nilijua pia kwamba mtu hafichi kipande cha boksi chini ya mtandio kama boksi hilo ni halali. Lakini damu nzito kuliko maji, ndivyo nilivyojiambia, na chini ya methali hiyo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuhifadhiwa. Miaka yote nilikuwa nasema asante wifi, asante wifi. Siku ile nilikuwa na kitu ambacho mtu ananiomba mimi. Nikapanda kwenye stuli, nikakishusha, nikakificha chini ya mtandio, nikamtolea hadi nje ya geti. Sikukigeuza hata mara moja kusoma mgongo wake.

Alikirudisha siku ya tatu kama alivyosema. Nikakitundika, nikafagia chini yake, nikaona mambo yamekwisha.

Tangu wiki ile wifi akawa na mazoea mapya. Asubuhi nikishafungua banda na kumpa chai, ananiangalia, anauliza, "Kuna jambo, wifi?"

"Hakuna jambo, wifi."

"Haya." Anakunywa chai, anawasha mashine.

Nilidhani ni salamu tu. Watu wanazeeka, wanapata salamu mpya.

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja akaja mwenye pikapu ya buluu, mwanachama wa umoja ule wa Jumapili, amebeba shafti ya giaboksi iliyoliwa meno na bamba la chuma kwenye gunia. Alikuwa hajui anaongea na nani. Alilalamika kwamba pikapu yake ilianza kutetemeka ukikanyaga klachi, kisha ikalia, kisha ikagoma.

Wifi alichukua kitambaa, akalifuta bamba polepole. Pembe ya chini palikuwa na pengo la nusu duara, lenye meno meno, limekatwa kwa uangalifu mkubwa katika chuma kigumu. Fundi wa gereji ya vigae alikuwa amefuata mstari wa boksi kwa uaminifu wote, mpaka tafuno la panya. Lazima alitumia nusu saa na tupa kulipatia vizuri.

"Nani alikata hili?" wifi aliuliza.

"Hilo ni bamba la Dokta. Uvumbuzi wake mwenyewe huyo jamaa, ana kichwa! Ametufungia watu watano sasa."

"Na hili pengo ni la nini?"

"Alisema ni la kupitishia hewa."

Nilikuwa nimeshika daftari, kalamu ikaacha kuandika. Wifi alipitisha kidole kwenye lile pengo, akakirudisha, akakipitisha tena. Halafu akaifunga ile shafti kwenye mashine na kuitengeneza, kwa sababu ilikuwa imeletwa kutengenezwa.

Jioni tulikaa watatu kula. Akamwekea mumewe chakula, akamnawisha mikono, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Huko kazini siku hizi mnakata na mabamba?"

"Mabamba gani?" mdogo wangu alisema, tonge mkononi. "Sisi tunafunga tu. Nikitaka bamba si nitakuja kwako, Mama Milimita wangu?"

Akacheka. Huyu nilimbeba mgongoni! Nilimtazama akitafuna, nikaona jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi kwake, haukumwondolea hata hamu ya kula. Nami ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwa wangu. Nikaomba nipitishiwe maji.

Asubuhi yake: "Kuna jambo, wifi?"

"Hakuna jambo."

Baada ya hapo mapikapu yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. La pili liligoma mlimani, la tatu sokoni, mengine mawili yakawa yanalia kabla ya kufika popote. Wenye nayo wakamshukia Bosi, Bosi akamshukia mdogo wangu. Na mdogo wangu, alipoona maji yamefika shingoni, akatoa yale maneno yake mazuri ya siku ya makofi, akayatumia upya. Waliokuwepo wamenihadithia. Alisema, "Bamba ni la mke wangu. Mimi nilishika spana tu."

Miezi mitatu lilipokuwa tamu lilikuwa uvumbuzi wake. Lilipochacha akamrudishia mwenyewe mbele za watu. Ndani ya wiki moja wateja walianza kupungua bandani. Mmoja alikuja kuchukua chuma chake kabla hakijaguswa, akasema amebadilisha mawazo. Mwingine, mtu wa miaka mingi, alichungulia na kuniuliza, "Hivi, kuna fundi mwingine hapa?" Wifi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na alisikia. Nilimwona akishika ukingo wa mashine. Miaka kumi na moja ilifutika mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyepanda kwenye stuli.

Jumamosi wakaja wote. Pikapu mbili zilikuja zenyewe zikilia, tatu zilivutwa kwa kamba. Bosi alikuwa mbele na shati lililopigwa pasi. Mdogo wangu nyuma, akijifanya anakagua tairi. Mwalimu naye alikuwepo na pikapu yake, maana wifi, aliposikia wanakuja, alikuwa amemwita tangu jana yake.

"Mama, mumeo ametueleza yote," Bosi alianza.

"Yote?" wifi aliuliza. "Basi amefanya kazi kubwa."

"Tunachotaka ni ukubali kosa lako, watu wajue."

"Nitakubali. Lakini kwanza mtazame. Mwalimu, leta gari juu ya shimo."

Pikapu ya Mwalimu ikasogezwa. Wifi akanipa taa, nikashuka nayo shimoni, na wale mabwana wakawa wanashuka mmoja mmoja, wakiinua shingo. Aliwaonyesha pembe ya chini ya bamba, pale injini ya kigeni inapokutana na giaboksi ya zamani. Pembe ilikuwa nzima, imechongwa laini. Gari lilikuwa limetembea nusu mwaka na ushee, na halikuwa limevuja hata tone la oili.

"Hili nilikata mimi," alisema. "Sasa nendeni mkatazame yenu."

Hawakuhitaji hata shimo. Mwenye pikapu ya buluu alikuwa na bamba lake mkononi, wengine walijilaza chini kwa mashati yao ya Jumamosi. Yote matano yalikuwa na pengo lilelile, mahali palepale, meno kwa meno.

Wifi akaenda ukutani, akashusha kiolezo, akaliweka bamba la buluu juu yake. Pengo likakaa juu ya pengo.

"Huyu ni panya," alisema. "Alikula boksi langu mvua zilizopita, bamba la Mwalimu likiwa limeshafungwa. Sijui kama alikuwa na nia ya kupitisha hewa."

Mwenye pikapu ya buluu akaangua kicheko mpaka akashika magoti. "Yaani jamani, nimeendesha na meno ya panya miezi mitatu!" Wengine wakamfuata. Bosi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtafuta mdogo wangu kwa macho.

Wifi akaligeuza boksi, akampa Mwalimu asome kwa sauti. Mwalimu akavaa miwani. Nyuma, kwa penseli, palikuwa na mistari miwili: "Pembe imeliwa na panya, inyooshwe. Matundu yasitobolewe kwa boksi hili, yapimwe kwenye gari lenyewe."

Mwanafunzi wa darasa la tatu angeweza kulisoma. Ilitosha kuligeuza tu.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mdogo wangu hakuchutama. Bosi alipomwuliza, "Hiki kiolezo ulikipataje?" alinyoosha kidole shimoni, nilikokuwa bado nimeshika taa. "Dada ndiye aliyeniletea. Alisema mwenyewe ameruhusu."

Nilifungua mdomo kusema sikusema hivyo. Nusu ilikuwa uongo, lakini nusu ilikuwa kweli, na ile ya kweli ndiyo ilinifunga mdomo. Nikabaki nikiangaza taa kwenye pembe ile nzima, wakati hakuna tena aliyekuwa anaitazama.

"Najua," wifi alisema.

Hakuwa anamwambia yeye. Alisogea ukingoni mwa shimo, akaniangalia nilipo. "Violezo vyangu vyote vinatundikwa kwa tundu la kushoto. Hiki kilikaa siku tatu bila kuwepo, kikarudi kimetundikwa kwa tundu la kulia. Na mwenye ufunguo ni mmoja. Nikasema, ni wifi yangu, ataniambia. Ndiyo maana nilikiacha vilevile, kwa tundu la kulia. Nikawa nakuuliza."

Kila asubuhi. Nilihesabu baadaye, sikuweza kujizuia: asubuhi zaidi ya mia moja alinifungulia mlango, na kila mara niliufunga kwa maneno mawili, nikampa na chai.

Wale mabwana walimwomba msamaha, na wale watano wakaomba foleni ya kutengenezewa mabamba mapya. Alikubali, gari moja moja, kila moja na siku zake mbili za mshale. Jina lake limerudi, tena limenenepa. Kuna watu wanatoka mbali kumtafuta. Mdogo wangu alifukuzwa na Bosi siku ileile. Sasa anafunga injini kwenye banda la mtu mwingine, analala kwa rafiki, na Ijumaa anapita kwa mkewe na mdomo wake wa asali, anapewa kiti nje. Sijui litaishaje. Kwa sasa sina nguvu za kumhurumia.

Mimi, jioni ya Jumamosi ile, nilifagia kama kawaida. Nilipomaliza wifi alinyoosha mkono, kiganja juu. Nikavua kamba ya kiatu shingoni, nikamwekea ufunguo kiganjani, ukiwa bado na joto langu. Hakunifukuza chumba cha nyuma. Nilihama mwenyewe mwisho wa mwezi, na alinisaidia kubeba sanduku moja mpaka barabarani.

Siku hizi nashona katika duka la mwanamke mmoja, upande wa pili wa mji. Majuzi gurudumu la cherehani lilianza kuyumba, kishikizo chake kimelika, na mafundi wote waliniambia kitu kimoja: nenda kwa Mama Milimita. Nikaenda. Nilikuta ukuta umejaa hadi juu, na kiolezo cha boksi la biskuti kiko msumarini pake, kinaning'inia kwa tundu la kushoto. Alinisalimia vizuri, akalipokea gurudumu, akaanza kulipima. Nilisimama mbele ya mashine ile niliyoipangusa miaka sita.

"Wifi," nikasema, "kuna jambo."

Macho yake hayakutoka kwenye kipimo. Alisoma namba, akaiandika kwa chaki juu ya meza, akanionyesha kwa kidevu daftari lililokuwa pale pembeni, lilelile, lenye mwandiko wangu kurasa zote za mwanzo.

"Andika jina na namba ya simu hapo, dada," alisema. "Litakuwa tayari kesho."